Nati Inatazama Nje

Karakana yetu ni moja lakini ina nchi mbili. Upande wa barabarani ni wangu: mbao, randa, gundi, na maranda yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Upande wa ndani, nyuma ya ukuta wa plaiwudi nilioupigilia mwenyewe kwa amri, ni wa mke wangu, fundi wa friji na viyoyozi. Kwake sakafu inafagiliwa asubuhi na mchana, na meza yake ya kazi ni safi kuliko ile tunayolia chakula. Unga wa mbao ukipenya huko, hata wa kujaza kisoda tu, nitausikia mpaka jioni. Chembe moja ikiingia kwenye bomba la shaba, anasema, itasafiri na gesi mpaka iende ikazibe mahali ambapo hakuna mkono utakaofika. Mimi humwambia kwamba chembe ya mbao haijawahi kuua mtu. Yeye hunijibu kwamba chembe yenyewe ni mimi.

Watu wanamwita Fundi Baridi. Wasiomjua hudhani ni kwa sababu ya upole, wanaomjua hucheka kimoyomoyo na kuangalia pembeni. Mke wangu si mkorofi, ila hana subira na kazi ya ovyo, na ulimi wake hauna breki.

Nilimpata kwenye kiwanda cha barafu. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza mlango wa chumba cha kuhifadhia, naye alikuwa msichana wa kupanga barafu ambaye alishaanza kushikashika spana kwa fundi wa pale. Nilipomaliza mlango wangu nikasimama kando, kifua mbele, nikingoja sifa. Akaja, akapitisha kiganja pembeni mwa fremu, polepole, juu mpaka chini, kisha, pembe za macho zimekunjamana, akasema, "Kaka, mlango wako unavuja." Nilimchukia siku nzima. Kesho yake nikarudi kuurekebisha, na nikakawia makusudi.

Kazi yake, ukiondoa nyaya za umeme na gesi, ni kuunganisha mabomba, na mimi nimeisikia kazi hiyo kupitia plaiwudi tangu binti yetu anatambaa. Ninaijua kama mtu anavyojua wimbo wa redio ya jirani, bila kujua kuupiga. Bomba la shaba huwezi kulisukumiza tu kwenye mashine ukasema limeunganika. Kwanza unalikata kwa kikata chenye gurudumu, si kwa msumeno, maana msumeno (hapo hunitazama mimi) unaacha ukingo wenye meno. Unakwangua ukingo wa ndani huku umelielekeza bomba chini, ili vumbi la shaba lidondoke nje. Unalibana kwenye kibano, unauacha mdomo wake uchungulie kidogo tu, unatia tone la mafuta, halafu unaishusha koni ya chuma kwa kuzungusha mpini. Taratibu. Mdomo wa bomba unafunguka kama wa tarumbeta. Mdomo huo ndio unaokuja kulala juu ya kichwa cha mashine, chenye mteremko uleule, na nati inatokea nyuma yake kuubana.

Basi. Chuma juu ya chuma, hakuna gundi, hakuna raba, hakuna utepe. Kinachozuia gesi ni mdomo kulala sawasawa kwenye mteremko. Hesi za nati, ile mifereji ya ndani inayozunguka, kazi yake ni kuvuta na kubana tu. Fundi mmoja wa mabomba ya maji aliwahi kuleta kiyoyozi alichokifunga mwenyewe, hesi zote amezizungushia utepe mweupe kama mtu aliyetoka hospitali. Mke wangu aliubandua utepe ule wote bila kutamka neno, na mimi niliyemjua nilimhurumia yule bwana kuliko kama angetukanwa.

Mwingine alikuwa dereva wa trekta. Huyu alikuja na mpira wa mafuta, ule wenye vichwa vya chuma pande zote mbili, amefunga kwenye kichwa kimoja kiungo cha friji alichokiokota wapi sijui. Hesi zilikuwa zimeingiliana vizuri kabisa, na bado mafuta yalikuwa yanachuruzika. Alikuwa ameshakaza mpaka spana imepinda. Mke wangu akakifungua kile kiungo, akapitisha kidole gumba ndani ya kichwa cha mpira, akafanya vilevile kwenye kiungo.

"Hiki si cha trekta," akasema. "Mteremko wako umesimama zaidi, wa friji umelala. Inagusana kwenye mstari mwembamba kama uzi tu, basi mafuta yanapita kando."

"Lakini mama, mbona zinaingiliana?"

"Hata mapacha suruali moja itawatosha. Ila mke wa mmoja hatamkubali mwingine."

Yule dereva alicheka mpaka akasahau kwamba alikuwa na haraka. Mke wangu hakucheka, alikuwa anasema kweli.

Lakini lipo jambo linalotangulia yote hayo, na ndilo lililotuleta hapa. Nati lazima ivishwe kwenye bomba kabla mdomo haujafunguliwa. Ukishafungua mdomo, nati haipiti tena. Imekaa mezani inakutazama, na wewe umeshika bomba zuri lisilo na kazi. Unaukata ule mdomo, unaanza upya, na kama bomba lilikuwa limepimwa bila ziada, limeshakuwa fupi. Hakuna fundi wa shaba ambaye hajawahi kufanya kosa hilo. Wote wanalifanya, wakubwa kwa wadogo, na wote wanageuka kuangalia kama kuna aliyewaona.

Mke wangu alikuwa halifanyi. Alilifanya alipokuwa anajifunza, pale kiwandani, wakamcheka sana, akakata shauri kwamba hawatamcheka tena. Akajizoeza kusema kwa sauti kila anaposhika bomba, "Nati kwanza." Neno hilo likahamia nyumbani. Binti yetu akivaa viatu kabla ya soksi: nati kwanza! Mimi nikimimina chai kabla ya kuangalia kama kikombe kimesimama: nati kwanza, mzee. Siku binti alipotuletea mchumba na kuanza kuzungumzia ukumbi na rangi za maua kabla kijana hajafungua hata mdomo, mama yake alimtazama tu. Binti akainamisha kichwa akasema mwenyewe, "Najua, mama. Nati kwanza."

Sasa nielezee habari ya gunia.

Maranda yangu huyajaza kwenye magunia, na mfuga kuku wa mtaa wa nyuma huja kuyachukua ili kuyatandika bandani. Ni mtu mpole, mwenye sauti ndogo. Asubuhi moja alirudi amenuna.

"Fundi," akaniambia, "kuku wangu hawalali juu ya shaba."

Akanikunjulia mfuko wa plastiki na kunimiminia kiganjani vipande vifupi vya bomba. Kila kimoja kilikuwa na mdomo uliofunguka. Nikamwomba radhi, nikamtania kidogo, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na vile vipande.

Mtu asiyejua angeona takataka. Mimi niliviangalia kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlangoni. Midomo ilikuwa mizuri: imelingana pande zote, inang'aa, haina ufa wala mkwaruzo. Hakuna fundi anayekata na kutupa mdomo wa namna ile, isipokuwa kwa sababu moja. Alikuwa ameufungua, akageuka, akakuta nati iko mezani. Na si mara moja. Kiganja changu kilikuwa kimejaa.

Halafu nikaelewa jambo la pili, na hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi. Mwanamke aliyeniwekea mpaka wa plaiwudi kwa sababu ya unga wa mbao alikuwa anauvuka mpaka huo mwenyewe, nikiwa sipo, kuja kuficha vipande vyake kwenye maranda yangu.

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Mambo niliyokuwa nimeyaona na kuyapuuza yalianza kujipanga yenyewe kichwani: mboga iliyotiwa chumvi mara mbili, funguo zilizokutwa kwenye friji la mteja, siku alipomwita binti yetu kwa jina la dada yake yeye mwenyewe, marehemu, na kuendelea kuzungumza bila kujisahihisha. Nilikuwa nimeyaita uchovu. Uzee, kama nilikuwa na ujasiri siku hiyo. Lakini nati hakuisahau alipokuwa na homa, hakuisahau wiki aliyomzika mama yake. Kama sasa anaisahau, basi kuna kitu kinaondoka. Na mtu huyu ukimwondolea shaba unabaki na nani? Nilimwona amekaa kwenye kiti dirishani, mikono mapajani, anangoja chakula. Nikajiambia hapana, si wakati mimi nipo.

Kumwambia sikuweza. Nitamwambia nini, mwenye fahari yake, ambaye amenificha hata mimi? Nikatafuta njia ya seremala, yaani njia ya mtu anayeziba ufa kwa gundi na unga wa mbao na kuomba Mungu mteja asiinamie.

Kila asubuhi mke wangu hukata mabomba ya kazi ya siku, akayakwangua, akayapanga kwenye trei, kisha huingia ndani kupika chai. Chai yake haiharakishwi. Basi nikawa, akishaingia tu, navua viatu, najipangusa maranda, nanyata kuingia upande wake kama kibaka ndani ya karakana yangu mwenyewe. Kwenye debe la nati nilichukua za kutosha, nikavisha kila bomba nati mbili, moja kila upande. Bomba jembamba nati ndogo, bomba nene nati kubwa. Nilijiona mjanja wa kupindukia. Akitoka na chai ananikuta kwenye randa, natokwa na jasho la bure.

Nilikuwa nasikiliza kupitia plaiwudi. Trei inavutwa. Kimya kidogo. Halafu kibano kinafungwa, halafu koni inaanza kushuka kwa kale kamlio kake. Kile kimya kidogo sikukitilia maanani. Gunia la maranda likawa safi, mfuga kuku akarudisha tabasamu lake, na mimi nikaanza kulala vizuri.

Ndipo akaja Mama Maziwa. Huyu ni kiongozi wa akina mama wanaokusanya maziwa kutoka kwa wafugaji wa pande zote hizi, mwanamke mnene mcheshi anayeongea kama yuko ng'ambo ya mto. Walikuwa wamejenga chumba cha baridi na walitaka Fundi Baridi awafungie mashine, yeye na si mwingine. Mabomba marefu, viungo vingi, na ule mpira mfupi wenye vichwa vya chuma unaowekwa karibu na kompresa ili mtetemo usiyavunje mabomba. Uvujaji wowote pale, maziwa ya watu wote yanaganda.

Sikumwona mke wangu amefurahi vile kwa muda mrefu. Alichora ramani ya mabomba mezani kwa chaki, akaifuta, akaichora tena. Jioni binti alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi, wakazungumza, kisha akaomba nipewe mimi.

"Baba, mama yuko sawa? Ameniuliza habari za mtoto wangu, nimemjibu, ameniuliza tena palepale."

"Mtandao ulikuwa unakatika," nikasema.

"Baba."

"Mama yako ana kazi kubwa, kichwa chake kiko kwenye mabomba. Lala salama, mwanangu."

Nilikata simu nikiwa na ladha mbaya mdomoni. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akageuka, akaenda kutandika kitanda.

Asubuhi iliyofuata alikata mabomba ya kazi ya Mama Maziwa, akayapanga, akaenda kupika chai. Nikafanya yangu. Alipotoka, sikusikia trei ikivutwa.

"Mzee wa Randa," akaita. "Njoo huku. Vua viatu."

Nikavua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, bomba moja mkononi, miwani puani. Chai ilikuwa imewekwa vikombe viwili, upande wake, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa kuwa mimi siruhusiwi kunywa chai karibu na shaba.

"Niambie," akasema, "hii nati imekaaje?"

"Imekaa vizuri tu. Si umeiweka mwenyewe?"

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Akanivuta karibu kwa shati, akaniwekea bomba mbele ya macho. "Tazama. Huku kuna hesi. Huku hakuna, kuna tundu la kupitia bomba tu. Wewe ukitengeneza mlango, kitasa unakitazamisha ukutani?"

Nikatazama. Nikazitazama na zile nyingine kwenye trei. Zote zilikuwa zimefungua vinywa kuelekea katikati ya bomba, zinatazamana zenyewe kwa zenyewe kama watu wanaosengenya.

"Nati inatazama nje, mzee. Upande wa hesi unakwenda mdomoni, ndiyo iweze kushika kichwa cha mashine. Ukiivisha hivi, hata ufungue mdomo mzuri vipi, ni kazi bure."

"Sikujua," nikasema, na hapo nikawa nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

"Najua hukujua." Akaivua nati, akaigeuza, akaivisha tena, kwa wepesi ule wa kutotazama. "Siku ya kwanza nilidhani ni mimi. Nilikaa hapa nikalia. Nikasema si kusahau tu tena, sasa nafanya vitu ambavyo hata anayejifunza leo hafanyi. Siku ya pili nikakuta kipande cha maranda kimejikunja ndani ya nati. Chembamba, cheupe, cha mbao laini. Nikajua mwizi wangu ni nani."

"Na hukusema."

"Na wewe ulisema?"

Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni wenye gurudumu bovu, tukausikiliza mpaka ukapotea.

"Kila asubuhi nazigeuza," akaendelea. "Zote. Nikizigeuza nafurahi, nikishamaliza naumia. Niliogopa nikikwambia najua, utaacha. Na ukiacha, nati zitabaki mezani, na mimi nitarudi kwenye magunia yako." Akavua miwani. "Kuna kitu kinanila kichwa, mzee. Mikono inajua kila kitu. Lakini kipi kinaanza, kipi kinafuata, naamka nakuta mtu amekivuruga. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," nikamwambia. "Naogopa kuliko wewe."

"Usinishindanie hata hapa."

Tukacheka, kisha tukalia, kisha chai ikawa imepoa tukainywa hivyohivyo. Nilimwambia yote: vipande, kuku, uongo nilioutoa kwenye simu. Akampigia binti yetu mwenyewe. Alimwambia, "Mwanangu, baba yako ni mwongo mzuri kwa mbao tu. Njoo unipeleke kwa daktari."

Binti akaja. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, alimpima, akamwuliza maswali, akamwambia arudie maneno aliyotajiwa mwanzo. Mengine aliyarudia, mengine hayakuja. Daktari hakutuzungusha. Akatuambia kwamba ni maradhi ya kusahau, kwamba yanakwenda polepole lakini hayarudi nyuma, na kwamba kazi ambayo mikono imeizoea ni vema aendelee nayo, mradi pawe na mtu pembeni. Mke wangu alisikiliza yote, kisha akamwonyesha kiyoyozi kilichokuwa juu ya dirisha. "Hiki kinatoa maji ndani ya ukuta," akasema. "Mwambieni aliyekifunga arudi." Binti yetu alifunika uso kwa mikono, sijui kama ni kicheko au nini.

Nilidhani kazi ya Mama Maziwa ndiyo imekwisha. Mke wangu alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwake kwa miguu, mimi nyuma.

"Mama Maziwa," akasema, "nina ugonjwa wa kusahau. Kazi yako naiweza, lakini huyu atasimama nami, na tukimaliza, kila kiungo tutakipaka povu la sabuni mbele yako. Kikitoa hata tone la hewa, tafuta mwingine, sitanuna."

Mama Maziwa alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Kwani povu linajua nani amesahau?" akauliza kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Njooni Jumatatu. Lakini huyo seremala asiniguse mashine."

Tulikwenda. Niligusa mashine, kwa sababu mikono miwili haitoshi kwa bomba refu. Tukawa na utaratibu wetu. Nati zilikuwa mfukoni mwangu. Mke wangu anakata, anakwangua, halafu ananyosha kiganja pembeni bila kunitazama. Mimi nauliza, "Nati?" yeye anasema, "Lete." Namwekea kiganjani ikiwa imetazama sawa, anaivisha, kibano, tone la mafuta, koni. Kisha anakaza kwa vidole mpaka vidole vinapokataa, na ndipo anachukua spana mbili, moja ya kushikilia, moja ya kuzungusha, na kuongeza kidogo tu. Kule kukaza kwa hasira, anasema, ndiko kunakopasua mdomo. Wauza maziwa walikuwa wanapita na makopo yao wakitusalimia, na mtu angedhani tumefanya kazi hivyo maisha yetu yote.

Tulipomaliza tukajaza gesi ya kupimia, Mama Maziwa akashika mwenyewe bakuli la sabuni na brashi. Akapaka kiungo cha kwanza. Kimya. Cha pili, cha tatu, mpaka kwenye mpira karibu na kompresa, vichwa vyake vyote viwili. Povu lilikaa tu, halina habari. Kwenye kona ya mwisho, povu likaanza kutoa mapovu madogo, moja baada ya jingine, kama mtoto anayecheza na mate.

Mke wangu alisogea, akainama, akatazama nati kwa makini.

"Hii nani ameikaza?"

Nilikuwa mimi. Alikuwa amekwenda kunywa maji, nami nikaona nimsaidie. Niliikaza kama ninavyokaza jiliwa la kubania mbao, mpaka mkono ukauma.

"Imepasuka ubavuni," akasema. "Na mdomo wa ndani umekuwa karatasi. Mama Maziwa, uliniambia huyu asiguse, samahani."

Mama Maziwa alicheka mpaka akaliweka bakuli chini. Mimi nilikuwa na furaha ya ajabu kwa kosa langu. Nilikuwa tayari kupasua nati za dunia nzima, ili mradi lisiwe lake.

Tukatoa gesi, akaukata ule mdomo, akaitupa nati mbovu. Bomba lilikuwa na ziada ya kutosha, maana yeye hupima kwa kuacha ziada, anajua ameolewa na nani. Akakwangua. Akanyosha kiganja.

"Nati?" nikauliza.

"Lete."

Nikamwekea, imetazama nje, sawasawa. Akaishika. Akaitazama. Kisha, taratibu, kwa vidole vilevile vilivyokuwa vinazigeuza nati zangu kila asubuhi, akaigeuza na kuivisha kinyume.

Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Mama Maziwa alikuwa anamfokea mtu kuhusu kopo. Nilingoja kidogo, labda atajisahihisha, na mkono wake ukaanza kulivuta bomba kwenye kibano.

"Nati inatazama nje," nikasema, chinichini.

Akasimama. Akaiangalia ile nati kwa muda, akaivua, akaigeuza, akaivisha. Halafu akanigeukia.

"Wewe seremala, haya umefundishwa na nani?"

"Na mke wangu."

"Eeh," akasema. "Basi huyo mama anajua kazi."

Nilimtazama usoni, nimekauka, nikitafuta kama alikuwa anauliza kweli. Pembe za macho zilikuwa zimekunjamana, kama siku ile ya mlango. Safari hii alikuwa anatania. Nikamshikia bomba, naye akatia tone la mafuta.